SOMO LETU: PROGRAMU YA WIZI NA MSHAHARA WA MKATAJI



Leo tunajifunza juu ya programu za kompyuta za kuchorea nguo zinazotumiwa bila leseni. Wengi wetu hudhani huo ni ugomvi wa mwajiri na wenye programu. Sivyo, maana hasara yake hushuka hadi kwenye meza ya kukatia.

Tuanze na kazi yenyewe. Mchoraji hutengeneza pateni kwenye kompyuta, huiongeza na kuipunguza kwa kila saizi, kisha hupanga vipande kufuata upana wa kitambaa. Mpangilio mmoja ukiwa na suruali 4, na kitambaa kikatandikwa tabaka 80, mkato mmoja hutoa suruali 320. Kosa la sentimita 1 kiunoni limekuwa makosa 320.

Programu ya wizi imevunjwa kufuli. Anayeiweka mara nyingi huambiwa azime kwanza programu ya kuzuia virusi, yaani amfukuze mlinzi ndipo mgeni aingie. Tena haipati marekebisho ya watengenezaji, na ikiharibika hakuna wa kuulizwa. Mwezi Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo. Marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi. Kiwanda kilichofungiwa pateni hakikati, na anayelipwa kwa kipande hurudi nyumbani mikono mitupu.

Je, kitambaa kilichoharibika atakilipa nani? Nchini Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, tena kwa kiasi cha haki. Mkataji aliyefuata mpangilio aliopewa hakukusudia kosa. Wawakilishi waishike hoja hiyo.

Mchoraji yumo hatarini zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na mkono ulioiweka ni wake. Akiagizwa kuiweka, adai agizo kwa maandishi na amwarifu mwakilishi siku hiyohiyo. Wasimamizi wengi hawapendi kuandika mambo ya namna hii.

Kwa karakana ndogo, Valentina na Seamly2D hutolewa bure na kwa halali. Hazitoshi kwa kila kazi ya kiwanda, lakini pateni ya shati au sketi huchorwa vizuri.