Chombo cha Ndala

Siku ya soko pale Lyulilo, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mitumbwi huja kutoka Ikombe imejaa vyungu vya wanawake wa Kikisi. Chungu kikivunjika, vigae vyake havidhuru ziwa, maana ni udongo uliorudi kwa udongo. Lakini siku hizi mawimbi huleta pia chupa za plastiki na ndala zilizokatika, navyo haviozi.

Je, takataka hizo hazina faida? Watu wa Lamu, huko Kenya, walijibu kwa mikono yao. Plastiki ziliokotwa pwani, zikasagwa, zikayeyushwa, zikafanywa mbao. Ndipo Ali Skanda, fundi wa ukoo wa waunda vyombo, pamoja na wenzake, wakazichonga mkuku na mataruma. Ubavu wa chombo wakaufunika kwa ndala za rangi nyingi, zipatazo 30,000. Chombo hicho, chenye urefu wa mita 9 hivi, kilishuliwa mwezi wa Septemba 2018, kikaitwa Flipflopi. Mwaka 2019 kilitweka tanga kutoka Lamu mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, na kila kilipotia nanga watu walifundishwa habari za taka.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mti una nyuzi ziutiazo nguvu. Plastiki haina, tena hulegea kwa joto. Asiyejua kuunda chombo cha mti hangaliweza kuunda cha plastiki. Basi takataka peke yake haikuunda kitu. Ujuzi wa wazee ndio uliounda. Ujuzi huo ukizikwa pamoja nao, plastiki itabaki kuwa takataka tu. Ndiyo maana wahenga walisema, “Usitupe mbachao kwa msala upitao.”

Mtoto aokotaye ndala ufukoni asiichome moto, maana moshi wake ni sumu. Aisafishe, akate magurudumu ya kigari au maboya ya wavu. Kisha aende akaketi karibu na mchonga mitumbwi au mfinyanzi, atazame mikono yake, aulize. Ndala zitaokotwa hata kesho. Fundi mzee hangojei.

Maswali
1. Kwa nini vigae havidhuru ziwa kama plastiki?
2. Plastiki na mti zina tofauti gani kwa muunda chombo?
3. Taja fundi mmoja wa kijijini kwenu. Nani anajifunza kwake?