Kitambi, Presha na Chungu cha Nyumbani

Mitaani kwetu mtu akinenepa husifiwa: "Umependeza, maisha yamekukubali." Ndiyo maana ushauri wa kupunguza uzito hupokelewa kama tusi. Basi tusianze na ushauri, tuanze na futi ya fundi cherehani.

Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya kanga. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanaume 94, hatari ya ugonjwa wa moyo imeanza kupanda. Wakizidi 88 na 102, imepanda sana. Kipimo hiki si cha mjamzito. Wala msitegemee saizi ya suruali: wanaume wengi hufunga mkanda chini ya kitambi na kuendelea kuvaa saizi ileile ya ujanani.

Kwa nini tumbo? Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara kama yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ya tumboni huvuruga kazi ya insulini na kuongeza mafuta kwenye damu, nayo hujijenga taratibu kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo. Mshipa ukiziba, sehemu ya msuli wa moyo hukosa damu na kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Tena mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi. Presha hupanda, na moyo unaosukuma kwa nguvu miaka nenda miaka rudi kuta zake hunenepa, mwishowe hutanuka na kuchoka. Mwenzio akikwambia kwamba usiku unakoroma hadi pumzi inakatika, usimcheke. Mweleze daktari, kwani hali hiyo nayo hupandisha presha.

Chungu kibadilike kwa wote

Kosa tunaloliona sana ni la kumpikia baba au mama kasufuria kake "ka mgonjwa", huku wengine wakila kama jana. Hachukui muda, anarudi kwenye chungu kikubwa. Badilisheni chungu chenyewe.

Anzeni na mafuta. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ametia kiasi gani, na kila kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Pimeni kwa kijiko. Kitunguu kikianza kushika chini, ongezeni maji kidogo au nyanya, si mafuta. Maharage na samaki vipikwe kwa tui la pili, la kwanza lisubiri wageni. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti. Soda ya mililita 300 hubeba sukari ya vijiko vya chai vinane hivi, kwa hiyo mezani yawekwe maji.

Ugali haujakatazwa. Nusu ya sahani iwe mchicha, tembele au kabichi, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa au samaki. Kwetu mpangilio huo kwa kawaida huwa kinyume.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Kushuka daladala kituo kimoja kabla nako kunahesabika.

Hakuna haja ya kukonda. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo tano hadi tisa, presha na sukari kwa kawaida huanza kushuka. Ichukue miezi. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani, nyingi hufanya kazi ya kuharisha tu: zinaondoa maji, na mafuta yanabaki palepale.

Presha ikifika 140/90 au zaidi, nenda kituo cha afya ikapimwe tena. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amepungua. Daktari ndiye atakayepunguza. Na maumivu ya kubana kifuani, yanayosambaa hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba au pumzi kuwa fupi, si gesi mpaka hospitali iseme. Msimkande wala msisubiri kukuche: tafuteni usafiri saa hiyohiyo.