BENDERA YA NCHI NYINGINE NA UHURU WA KUSEMA

Sheria ndogo tunazijua sote. Halmashauri hutunga sheria ndogo za usafi, za mifugo na za ushuru wa soko. Ni jambo jema, maana mji usio na utaratibu hauendi. Lakini je, sheria ndogo mwisho wake ni wapi? Inaweza kuingia uani kwa mtu na kumwambia apandishe bendera gani? Leo tutajifunza jambo hilo kwa kutazama nchi ya Marekani, ambako limeleta ubishi mara nyingi.

Kupandisha bendera ni kusema

Bendera ni kitambaa, lakini kitambaa hicho kinasema. Mtu akipandisha bendera ya nchi alikozaliwa anasema, "Kwetu sijakusahau." Mwingine anasema, "Siasa ya wale naikubali." Mdomo hakufungua, lakini sote tumemsikia.

Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya Kwanza ya mwaka 1791, inakataza sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Swali likabaki: je, bendera nayo ni kusema?

Kesi ya mwaka 1931

Mwaka 1919 jimbo la California lilikataza watu kuonyesha bendera nyekundu kama alama ya kuipinga serikali. Wakati ule wakubwa waliogopa kwamba mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yangefika kwao.

Yetta Stromberg, msichana wa miaka 19, alikuwa mwalimu katika kambi ya watoto. Kila asubuhi bendera nyekundu ilipandishwa pale, mfano wa ile ya Urusi ya Kisovieti. Alishitakiwa, akatiwa hatiani. Akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani.

Mwaka 1931 majaji 7 kati ya 9 walisema hukumu ile haiwezi kusimama. Kwa nini? Kuipinga serikali kwa amani na kwa njia za halali ni haki ya raia. Sheria ile ilikuwa pana mno, kama wavu wa matundu madogo. Ilimnasa mwenye kutaka fujo, ikamnasa na mwenye kutaka kura tu.

Mji wa Pahrump

Somo hilo halikukaa vichwani kwa wote. Mwaka 2006 wahamiaji wengi waliandamana katika miji ya Marekani kudai haki zao. Baadhi yao walibeba bendera za nchi walikotoka, kama Meksiko. Wenyeji wengine hawakupenda.

Novemba mwaka huo, bodi ya mji mdogo wa Pahrump, jimbo la Nevada, ilipitisha sheria ndogo. Ilikuwa ni kosa kupeperusha bendera ya nchi nyingine, isipokuwa ya Marekani iwe juu yake. Adhabu ilikuwa faini ya dola 50 na saa 30 za kazi ya jamii.

Basi, hata mkuu wa polisi wa wilaya hiyo alisema sheria ile hataitekeleza. Mwaka 2007 bodi ikaifuta yenyewe.

Mlingoti ni wa nani?

Hapa tuwe waangalifu. Mlingoti wa nyumba yako ni wako, na mlingoti wa serikali ni wa serikali. Serikali ina haki ya kuchagua itakachosema yenyewe.

Lakini tazama mji wa Boston. Mji huo uliruhusu vikundi mbalimbali kupandisha bendera zao mbele ya ofisi za mji, zikiwemo nyingi za nchi za nje. Mwaka 2017 ukakataa bendera ya kikundi kimoja cha Kikristo. Mwaka 2022 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu walisema Boston ilikosea. Ukiwafungulia watu mlango waseme, huwezi kumfungia mmoja kwa sababu ya maoni yake. Kama mji unataka mlingoti uwe sauti yake peke yake, uamue hivyo tangu mwanzo.

Tumejifunza nini?

Kwanza, sheria ndogo iko chini ya Katiba. Pili, uhuru wa kusema hupimwa kwa maneno tusiyoyapenda. Maneno matamu hayahitaji ulinzi. Tatu, sheria iandikwe wazi, ili mtu ajue kosa ni lipi.

Nasi Tanzania, Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja uhuru wa maoni. Taratibu za bendera hutofautiana nchi na nchi, lakini ni vizuri kila mmoja aisome ibara hiyo mwenyewe. Kusoma tumeshajua.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini majaji walisema sheria ya California ilikuwa pana mno?
2. Mlingoti wa nyumbani na mlingoti wa serikali vinatofautianaje?
3. Taja sheria ndogo moja ya hapo mnapoishi. Inasaidia nini? Mwisho wake ni wapi?