Soma Chupa ya Mvinyo Kabla ya Kuuliza Bei

Unywaji wa mvinyo duniani unashuka. Kwa takwimu za OIV, shirika la kimataifa la zabibu na mvinyo, mwaka 2024 zilinywewa takriban hektolita milioni 214, kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Wateja wa Ulaya wakipungua, wauzaji hutafuta masoko mengine. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi naye anajikuta mbele ya rafu yenye chupa za Afrika Kusini, Italia, Hispania na Dodoma, kila moja na bei yake. Bei peke yake haisemi kilichomo. Chupa inasema, ukijua pa kuangalia.

Zabibu ni za wapi?

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Huko hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima akiupogoa, unachipua na kuzaa tena. Zabibu zikiiva hazingoji. Zisipopata mnunuzi mapema, wakulima huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa.

Tanzania hutoza ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zabibu za nchini zinazidi asilimia 75. Kwa hiyo chupa ya Dodoma ikiwa nafuu kuliko ya nje, usihitimishe kwamba ni hafifu. Sehemu ya tofauti hiyo ni kodi.

Utamu

Kwa kanuni za Afrika Kusini, chupa iliyoandikwa "Dry" ina sukari isiyozidi gramu 5 kwa lita, na "Natural Sweet" huzidi gramu 20. Wengi huonja "Dry" kwa mara ya kwanza, wakakunja uso na kudhani mvinyo umechacha. Haujachacha, karibu sukari yake yote imegeuka kilevi. Kama hujazoea, anza na "Semi-Sweet".

Kilevi

Tafuta asilimia kwenye lebo, kisha piga hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina takriban mililita 97 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Maana yake, chupa hiyo moja ni karibu sawa na bia nne. Mvinyo ulioongezewa pombe kali ukifika asilimia 18, chupa inapita bia tano, na utamu wake huficha ukali huo.

Uhalali

Angalia kifuniko kisichofunguliwa, alama ya ubora ya shirika la viwango (TBS Tanzania, KEBS Kenya), na stempu ya kodi isiyochanika. Tanzania, stempu huhakikiwa kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu. Kenya, kwa Soma Label. Stempu ikikosekana, rudisha chupa, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Utunzaji

Usinunue chupa iliyokaa dirishani juani. Joto huua ladha. Yenye kizibo cha gome ilazwe, kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama. Mvinyo wa bei ya kawaida hauboreki kwa kuwekwa kabatini miaka mingi, kwa hiyo unywe mapema. Ukishafunguliwa, uzibe, uweke kwenye friji, na umalize ndani ya siku tatu hadi tano, hata ule mwekundu. Wa boksi hudumu wiki kadhaa, kwa kuwa mfuko wake hujikunja bila kuingiza hewa.

Afya

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, na mvinyo ni pombe kama nyingine. Mjamzito, dereva na aliye chini ya miaka 18 wasiuguse. Anayetumia dawa amuulize mfamasia kwanza. Wewe unayekunywa, kunywa kidogo, baada ya chakula, na maji yawe mezani.