Uwiano wa Gia za Difu na Kazi ya Kuvuta Tela

Aghalabu pikapu ya petroli inaposhindwa kupanda mlima ikiwa inavuta tela, lawama ya kwanza huiangukia injini. Plagi hubadilishwa, kabureta husafishwa, na pengine mwenye gari hushauriwa kununua injini nyingine. Hata hivyo, mara nyingi injini haina kosa lolote. Kosa limo nyuma ya gari, ndani ya kasha la chuma ambalo madereva wengi hawajapata kuliona limefunguliwa, yaani difu.

Jambo hili hutokea zaidi mahali ambapo vipuri vilivyokwisha kutumika ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi. Fundi wa Kamunyonge, mjini Musoma, aletewapo pikapu ambayo difu yake imevunjika meno, hutafuta difu nyingine inayoweza kuingia katika nafasi ileile. Bolti zikikubaliana na ekseli zikiingia, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini difu mbili zilizo sawa kwa umbo la nje huweza kuwa na idadi tofauti za meno ndani, na tofauti hiyo ndiyo iamuayo kama gari litavuta tela lake au litakwama mlimani. Yafaa basi dereva na fundi waelewe maana ya tofauti hiyo, na jinsi ya kuipima kabla fedha hazijatumika.

Kazi ya difu

Nguvu ya kuzungusha itokayo katika injini hupita kwanza katika giaboksi, kisha katika propela shafti, na hatimaye huingia katika difu. Humo mna gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo huizungusha gia kubwa iitwayo kraunwili. Kraunwili nayo huzizungusha ekseli na magurudumu. Uwiano wa difu ni idadi ya meno ya kraunwili ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni. Kraunwili yenye meno 41 na pinioni yenye meno 11 hutoa uwiano wa 3.73. Meno 43 kwa 10 hutoa 4.30, na meno 39 kwa 8 hutoa 4.88 kwa kukadiria.

Uwiano wa 4.30 una maana mbili kwa wakati mmoja. Maana ya kwanza ni kwamba propela shafti huzunguka mara 4.30 ili gurudumu lizunguke mara moja. Maana ya pili ni kwamba nguvu ya kuzungusha huongezeka mara 4.30 ifikapo kwenye magurudumu, ukiacha sehemu ndogo inayopotea kwa msuguano. Ni kanuni ileile ya wenzo: mtu atumiaye mtaimbo mrefu huliinua jiwe kubwa, lakini mkono wake husafiri mbali na jiwe husogea kidogo tu. Difu haizalishi uwezo mpya. Hubadilisha mwendo kuwa kani, na kani kuwa mwendo.

Land Rover za Series II na Series III, zilizofanya kazi nyingi vijijini Afrika Mashariki, zilikuwa na uwiano wa 4.7. Injini zake za petroli hazikuwa na uwezo mkubwa, na uwiano huo mkubwa ulisaidia kufidia udhaifu huo. Kwa sababu hiyo zilipanda milima zikiwa na mzigo, na kwa sababu hiyohiyo hazikuwa na mbio katika barabara ya lami.

Hewa ya Musoma na injini ya petroli

Kabla ya kupiga hesabu, lipo jambo moja la mahali lisilopaswa kusahauliwa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika kumi kuliko hewa ya Dar es Salaam au Tanga. Injini ya petroli inayovuta hewa yenyewe, bila kusukumiwa kwa chombo maalumu, huingiza hewa pungufu kwa kiasi hichohicho, na kwa hiyo huunguza petroli pungufu. Injini ambayo pwani hutoa nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 180, mjini Musoma hutoa takriban 162. Kadiri gari linavyopanda kutoka ziwani kuelekea Butiama au Tarime, upungufu huo huzidi. Injini huwa haijaharibika. Imekosa hewa tu. Anayenunua gari kwa kutazama takwimu zilizopimwa katika usawa wa bahari hana budi kupunguza sehemu hiyo kwanza.

Mfano wa hesabu

Na ichukuliwe pikapu ambayo pamoja na dereva na mzigo wake ina kilo 2,000, nayo inavuta tela la mahindi lenye jumla ya kilo 1,500. Jumla yote ni kilo 3,500. Mlima unaopandwa huinuka mita 8 katika kila mita 100 za barabara, na barabara ni ya changarawe.

Kani ya kuushinda mlima hupatikana kwa kuzidisha kilo 3,500 kwa 9.8, kisha kwa 0.08. Jibu ni niutoni 2,744. Matairi kubingirika juu ya changarawe hudai kani nyingine, takriban 3 katika 100 ya uzito wote, yaani niutoni 1,029. Kwa mwendo mdogo upinzani wa upepo waweza kuachwa. Magurudumu yanadaiwa basi jumla ya niutoni 3,773 ili gari lipande bila kupungua mwendo.

Sasa yatazamwe yale ambayo injini yaweza kulipa. Nguvu ya kuzungusha ni niutoni-mita 162. Gia ya pili ya giaboksi ina uwiano wa 2.1, gurudumu lina nusu kipenyo cha mita 0.35, na sehemu moja katika kumi ya nguvu hupotea njiani. Kani kwenye magurudumu katika gia ya pili huwa kama ifuatavyo:

Difu ya 3.73: niutoni 3,263.
Difu ya 4.30: niutoni 3,762.
Difu ya 4.88: niutoni 4,269.

Matokeo ni wazi. Gari lenye difu ya 3.73 halitapanda kwa gia ya pili. Litalazimika kuingia gia ya kwanza. Lenye difu ya 4.30 limekaribia kutosha, lakini halina akiba hata kidogo, na shimo moja au upepo wa mbele utaliangusha. Lenye difu ya 4.88 lina akiba ya karibu niutoni 500. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari hili hupanda kwa mwendo wa takriban kilometa 39 kwa saa, ilhali lile la 3.73, likiwa katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.9, hupanda kwa kilometa 27 kwa saa.

Hesabu hiyohiyo yaweza kugeuzwa. Mwenye difu ya 3.73 anayetaka kupanda mlima huo kwa gia ya pili hana budi kupunguza jumla ya uzito hadi kilo 3,027 hivi. Maana yake ni kuacha nyuma karibu magunia matano ya mahindi ya kilo 100 kila moja, tena bila kubakiwa na akiba yoyote. Kwa mtu ambaye riziki yake inategemea idadi ya magunia anayofikisha sokoni, meno machache ya gia si jambo dogo.

Gharama ya uwiano mkubwa

Isidhaniwe hata hivyo kwamba uwiano mkubwa ni bora siku zote. Katika gia ya nne iliyo moja kwa moja, na kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gurudumu la mfano huu huzunguka takriban mara 606 kwa dakika. Injini yenye difu ya 3.73 huzunguka mara 2,260, yenye 4.30 mara 2,610, na yenye 4.88 mara 2,960. Pikapu inayokwenda Mwanza mara kwa mara bila tela, kwa lami iliyonyooka, italipia tofauti hiyo kwa petroli, kelele na uchakavu wa injini.

Kwa hiyo swali la kwanza si difu ipi ina nguvu, bali gari hufanya kazi gani siku nyingi za mwaka. Avutaye tela mara mbili tatu kwa mwaka afadhali aiache difu yake, atumie gia ndogo kwa subira na apunguze mzigo. Avutaye kila siku katika milima na changarawe, hasara ya petroli katika tambarare hufidiwa na klachi isiyoungua na safari isiyokatizwa.

Matairi nayo ni sehemu ya hesabu

Wengi hufunga matairi makubwa ili gari liinuke juu ya mawe na matope. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa sehemu moja katika kumi hupunguza kani kana kwamba difu imebadilishwa. Difu ya 4.10 yenye matairi hayo hutenda kazi kama difu ya 3.73 yenye matairi ya kawaida. Mita ya mwendo nayo hudanganya: ikionyesha kilometa 80, gari linakwenda 88. Kabla ya kulaumu difu, na yapimwe matairi.

Jinsi ya kujua uwiano bila kufungua difu

Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au magogo, na gia iwe huru. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara. Breki ya mkono ilegezwe. Alama ya chaki iwekwe kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Mtu mmoja alizungushe tairi lililoinuliwa mara 20 kamili, mwingine ahesabu mizunguko ya propela shafti. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na mizunguko 10 ya kraunwili. Propela ikizunguka mara 43, uwiano ni 4.30. Njia hii yafaa kwa difu ya kawaida isiyo na kifungio. Difu ikiwa haijafungwa garini bado, inatosha kuhesabu meno.

Mambo ya kuangaliwa

Kwanza, gari lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne lina difu mbili, na uwiano wa difu ya mbele lazima ulingane na wa nyuma. Zikitofautiana, gari likiingizwa magurudumu manne katika barabara ngumu, magurudumu hushindana yenyewe kwa yenyewe na gia huvunjika.

Pili, difu iliyotolewa katika gari la dizeli isifungwe katika gari la petroli bila kupimwa. Injini ya dizeli hutoa nguvu yake katika mizunguko michache, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupewa uwiano mdogo zaidi.

Tatu, uwiano mkubwa husaidia injini kulizuia gari katika mteremko, lakini hauongezi uwezo wa breki, wa fremu wala wa ndoano ya tela. Gari lililoweza kupanda na mzigo uliopita kiasi bado laweza kushindwa kusimama wakati wa kushuka. Kikomo cha uzito alichokiweka mtengenezaji hubaki palepale, difu yoyote ifungwayo.

Zoezi

1. Kraunwili ina meno 37 na pinioni meno 9. Tafuta uwiano wa difu hiyo.
2. Kwa kutumia gari na tela la mfano hapo juu, tafuta kani itakayopatikana kwa difu hiyo katika gia ya pili. Je, inatosha kupanda mlima ule wa changarawe?
3. Mlima uleule ukitiwa lami, kani ya kubingirika hupungua hadi 1.5 katika 100 ya uzito. Je, jibu la swali la pili linabadilika?

Majibu: 1. Takriban 4.11. 2. Takriban niutoni 3,596, haitoshi. 3. Ndiyo, kani inayodaiwa ni takriban niutoni 3,259, na gari litapanda.