Kurefusha Miguu kwa Upasuaji: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Matangazo ya upasuaji wa kuongeza kimo humfikia mkazi wa Mbeya au Iringa kupitia simu yake, mara nyingi kutoka hospitali za nje ya nchi. Hutaja sentimita zitakazoongezeka na bei ya kuanzia. Katika somo hili tunaeleza yanayoachwa: njia zilizopo, madhara ya kila moja, na muda ambao mwili hudai. Hatukusudii kumbeza mtu anayeumizwa na kimo chake. Tunataka awe na hesabu kamili kabla hajatoa fedha zake.

Mfupa hurefushwaje?

Hakuna kidonge wala kirutubisho kinachomrefusha mtu mzima, kwa kuwa sehemu za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa hufunga ujana unapokamilika. Upasuaji unaotumika leo unatokana na kazi ya daktari Gavriil Ilizarov wa mji wa Kurgan, Siberia, iliyoanza miaka ya 1950. Alionesha kwamba mfupa uliokatwa, ukivutwa polepole, hujaza pengo kwa mfupa mpya. Kasi ya kawaida ni milimita 1 kwa siku, aghalabu robo milimita mara nne. Ikizidi, mfupa mpya hauundiki vizuri na mishipa ya fahamu huweza kuumia; ikipungua mno, mfupa hufunga kabla ya wakati.

Kazi hiyo ililenga matibabu. Majeruhi wa bodaboda ambaye mguu wake mmoja umepona ukiwa mfupi huchechemea, na nyonga na mgongo wake huweza kuathirika. Kwake, hatari za upasuaji hupimwa dhidi ya ulemavu alionao. Mwenye miguu mizima huzibeba hatari zile zile huku akiwa na mwili usio na ugonjwa. Mizani yao haiwezi kuwa moja.

Njia tatu na gharama zake

*Fremu ya nje.* Pete za chuma huzunguka mguu, zikishikwa na nyaya au pini zinazopenya ngozi hadi kwenye mfupa. Kwa kawaida ndiyo njia nafuu zaidi, na daktari huweza kunyoosha mwelekeo wa mfupa bila kupasua upya. Lakini kila tundu ni mlango wa vijidudu, na maambukizi ya matundu hayo hutokea mara kwa mara. Fremu hubaki hadi mfupa ukomae, na makovu hubaki baada yake.

*Fremu pamoja na chuma cha ndani.* Fremu huondolewa kurefusha kunapokwisha, na chuma kilichopitishwa ndani ya mfupa huendelea kuushikilia. Mgonjwa hupunguziwa miezi ya kubeba fremu. Hata hivyo, maambukizi yakifika kwenye chuma hicho huwa mazito na magumu kutibu.

*Chuma cha ndani kinachojirefusha.* Aina kama PRECICE huendeshwa kwa sumaku za kifaa kinachowekwa juu ya ngozi. Hakuna matundu ya kudumu, na makovu ni machache. Njia hii ni ghali: nje ya nchi hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Mgonjwa huelekezwa uzito anaoruhusiwa kuuweka mguuni, na kwa kawaida chuma hutolewa baadaye kwa upasuaji mwingine. Upya wa kifaa nao si dhamana. Chuma cha Stryde kilisifiwa kwa kustahimili uzito mkubwa mapema, lakini mwaka 2021 kiliondolewa sokoni baada ya taarifa za maumivu na mabadiliko ya mfupa.

Njia zote tatu huweza kuleta damu kuganda katika mishipa, mfupa kutounga, miguu kupishana urefu, ganzi au udhaifu wa unyayo. Misuli nayo hairefuki kwa urahisi kama mfupa: goti hukaza, au kisigino huinuka kisiguse chini. Ndiyo maana mazoezi ya viungo ya kila siku ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hesabu ya muda na umbali

Tuchukue sentimita 6. Kwa milimita 1 kwa siku, kurefusha pekee ni siku 60. Kisha mfupa hukomaa, na kwa jumla huhesabiwa mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita. Hivyo ni nusu mwaka au zaidi kabla ya mtu kurudi shambani, dukani au kazini, na wengine huchukua mwaka mzima.

Upasuaji ni kazi ya saa chache. Matatizo mengi hujitokeza katika miezi inayofuata, mgonjwa akiwa nyumbani. Kutoka Iringa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 500. Kutoka Mbeya ni zaidi ya 800. Aliyepasuliwa ng'ambo yuko mbali zaidi na daktari anayekijua chuma chake. Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini, swali la nani atamhudumia baada ya kurejea lina uzito kuliko swali la bei.

Uliza, upate majibu kwa maandishi

1. Je, daktari ni bingwa wa mifupa aliyesajiliwa? Kwa Tanzania Bara, thibitisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.
2. Amerefusha miguu ya wagonjwa wangapi, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji?
3. Je, bei inajumuisha picha za eksirei, mazoezi, kutoa chuma na kutibu madhara? Usidhani kwamba bima italipa.
4. Ni daktari gani wa hapa nchini aliyekubali kunifuatilia?
5. Nikiacha katikati, nitarudishiwa kiasi gani?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Hifadhi tangazo, mkataba na risiti. Bila hivyo malalamiko ni vigumu kuthibitishwa. Mtoa huduma anayekuharakisha ulipe kabla ya kujibu maswali haya, usimlipe. Kimo chako hakitabadilika kwa kusubiri, lakini mfupa ukishakatwa hakuna kurudi nyuma.