Shemeji zangu wanadhani mimi ni mtu wa milima

Dada mpendwa,

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, ni muuguzi hapa Munich na nimeoa huku. Shemeji zangu wawili, kaka za mke wangu, wamepanga Julai twende kutembea Alta Via 2 kwenye milima ya Dolomiti, kutoka Bressanone hadi San Martino di Castrozza. Wamenihesabu tangu siku ya kwanza, maana wanajua nilikuwa nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro nilipokuwa chuoni, na kileleni nimefika. Nyumba za kulala zimeshalipiwa malipo ya awali. Juzi wamenitumia video ya mahali panapoitwa Val Setus: watu wameshikilia waya wa chuma ukutani, wengine wanavuka daraja la kuning'inia, chini yao hakuna kitu. Sijalala vizuri tangu hapo. Ukweli ni kwamba naogopa kimo. Mwaka jana tulipanda mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro hapa mjini, nikajikuta nimekaa chini nimeegemea ukuta. Nikamwambia mke wangu ni goti. Sasa nafikiria kulitumia goti hilo tena. Au nikaze moyo tu, niende?

Goti, Munich

Mdogo wangu Goti,

Tuanze na Kilimanjaro, maana ndiyo iliyokuponza. Pale adui ni hewa. Kwenye mita 5,895 kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, na mtu anapiga hatua tatu anapumzika. Lakini njia yenyewe ni ya kutembea. Hata Ukuta wa Barranco, mahali wageni hushika mwamba kwa mikono, wagumu wenzako, yaani wapagazi, wanapita na mzigo kichwani. Dolomiti ni kinyume chake. Njia yenu kuu hukaa chini ya mita 3,000, na kilele cha Piz Boè chenye mita 3,152 mnaweza kukipita pembeni. Hewa ipo ya kutosha. Kinachokosekana, mahali fulani, ni ardhi kando ya mguu wako. Hizo ni shule mbili tofauti, na kufaulu moja hakukupi cheti cha nyingine. Kuzaliwa Moshi hakumfanyi mtu mkwea majabali, kama vile kuzaliwa Kilwa kusivyomfanya mtu nahodha. Shemeji zako wakikutajia Moshi, wewe watajie Salzburg: Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni Kilimanjaro pamoja na Hans Meyer mwaka 1889, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko, na ufundi wa miamba na barafu aliupata kwenye Alps, hakuzaliwa nao.

Sasa hofu yenyewe. Mwili unaposimama hautulii. Unayumba kidogo kila wakati, na macho husaidia kuurekebisha kwa kutazama vitu vilivyo karibu. Ukisimama ukingoni, kitu cha karibu kabisa mbele yako kiko umbali wa mamia ya mita. Macho hayaoni tena ule myumbo mdogo, mwili unayumba zaidi, na ubongo unapiga kengele. Hapo woga wa tabia haujaingia bado. Wapo watu ambao kengele yao hulia kwa sauti kubwa kuliko ya wengine, na wewe ni mmoja wao. (Kama kizunguzungu hukupata hata unapojigeuza kitandani, hilo ni jambo la sikio la ndani, wewe muuguzi unajua pa kwenda.)

Kutokana na hilo linakuja jambo ambalo pengine hukulitarajia. Sehemu yenye waya mara nyingi si sehemu mbaya kuliko zote kwa mtu kama wewe. Kwenye waya, mwamba uko usoni pako, mikono ina kazi, macho yana pa kutua. Wengi wenye hofu ya kimo hupanda ngazi ya chuma vizuri kabisa, kisha wakakwama kwenye kijia chembamba cha changarawe kinachokata mteremko, mahali ambapo hakuna waya wala cha kushika. Kwa hiyo unapowauliza shemeji zako kuhusu njia, usiishie kwenye vyuma. Waulize pia vijia.

Na hiyo video waulize wameitoa wapi. Val Setus ni korongo la mawe linalopanda kutoka Passo Gardena. Sehemu yake ya juu ina waya na vyuma vya kukanyagia, kisha unatokea kwenye nyumba ya Pisciadù, mita 2,587. Ni mwinuko mkali, lakini kila kiangazi watembeaji wa kawaida hupita hapo. Daraja la kuning'inia halimo. Daraja hilo liko kwenye njia nyingine, Brigata Tridentina, inayopanda ukuta wa mwamba hadi nyumba hiyo hiyo. Ile ni via ferrata kamili, ya kukwea kwa vyuma, na haimo kwenye Alta Via 2. Inawezekana umekosa usingizi kwa sababu ya njia ambayo hakuna aliyekupangia. Inawezekana pia shemeji zako wameipanga kimyakimya, na ni haki yako kujua.

Mahali ninapopahofia zaidi kwa ajili yako ni mbele: Passo delle Farangole, kati ya nyumba ya Mulaz na ile ya Rosetta. Pana waya pande zote mbili za pito, na baada ya kushuka bado kuna mwendo mrefu juu ya bonde la Comelle, vipande vyake vingine vikiwa ukingoni kabisa. Siku hiyo ni ndefu na miguu inakuwa imechoka. Ukikwama katikati, kurudi ni kugumu sawa na kuendelea. Wingu la radi la mchana wa kiangazi halitakungoja, na aliyeshika chuma wakati wa radi yuko pabaya. Ndiyo maana siwezi kukwambia ukaze moyo uende. Mtu aliyeganda kwenye waya hawezi kuamriwa na moyo wake, na walio nyuma yake wanaganda naye.

Jipime kabla. Deutscher Alpenverein, chama cha wapanda milima cha Ujerumani, kina kozi za wanaoanza, na Tegelberg, mlima wenye njia za waya juu ya Schwangau, si mbali na kwako. Nenda na mkufunzi, kwenye njia ya waya ya daraja A au B, yaani zile rahisi, bila shemeji. Hofu ya kawaida hupanda, hufika kikomo, kisha hushuka: utaanza kuongea tena, vidole vitaacha kuubana waya kama unataka kuukamua, utakumbuka kuwa una njaa. Ikishuka, rudi tena wiki inayofuata. Isiposhuka, ikawa unatetemeka vilevile mwishoni kama mwanzoni, umeshapata jibu, tena kwa bei ya nauli ya treni.

Mkufunzi atakufundisha vifaa, kwa hiyo nitasema moja tu, kwa sababu nimeona watu wakidanganyana. Ule mkanda wenye mikono miwili na karabina mbili unazopachika kwenye waya, moja ikihamishwa nyingine ikibaki, una kifyonza mshtuko ndani yake. Ukiteleza, unaporomoka mpaka msumari ulio chini yako, pengine mita kadhaa, kabla ya kusimama ghafla. Bila kifyonza hicho, kinachokatika ni kifaa au ni wewe. Kwa hiyo asije shemeji akakufungia kipande cha kamba akasema inatosha. Na hata kwa mkanda halali, kuanguka hapo ni kuumia. Mkanda unakuokoa usife, hauna ahadi nyingine.

Sasa goti. Mke wako ndiye wa kwanza kuambiwa, na aambiwe habari ya mnara kama ilivyokuwa. Ukiwaachia kaka zake wamsimulie, utakuwa na kesi mbili badala ya moja. Kisha keti na shemeji zako nyumbani, wiki nyingi kabla ya safari, si kwenye maegesho ya magari mabegi yakiwa mgongoni. Waambie hivi: "Miguu yangu ni mizima, mapafu ni mazima, lakini pembeni ya genge kichwa changu kinagoma. Nitakuja, ila sehemu mbili nitapita njia yangu, nayo ni hii." Watacheka kidogo. Waache wacheke. Huko kwao vitabu vya njia huandika waziwazi kwamba mpitaji awe na mguu thabiti na asiwe na hofu ya kimo. Ni sharti la njia, kama kuwa na viatu vinavyofaa, wala halihesabiwi kuwa aibu ya mtu. Wewe tu ndiye uliyeligeuza siri.

Cha muhimu ni kuwapelekea mpango uliokwisha kuiva, maana mtu mwenye mpango habembelezwi. Siku ya Val Setus, kutoka Passo Gardena panda basi uzunguke hadi Passo Pordoi, kisha gari la kuning'inia kwenye waya hadi Sass Pordoi, na kutoka hapo utatembea hadi nyumba ya Boè, ambako wao watafika kwa miguu yao. Kabla ya hapo, kuelekea nyumba ya Puez, kuna vipande vifupi vya waya. Hivyo utaamua kulingana na matokeo ya Tegelberg. Kwa Farangole, wao wakipanda Mulaz, wewe shuka kwa gari hadi San Martino, upande kwa gari la waya la huko hadi karibu na nyumba ya Rosetta, ukawasubiri na supu.

Tena mwambie shemeji mkubwa apige simu Mulaz siku chache kabla ya kufika, aulize theluji. Mwanzoni mwa Julai makorongo ya huko mara nyingi bado yana theluji ya zamani, ngumu kama kioo asubuhi, na waya unaweza kuwa umefukiwa chini yake. Kama mwenye nyumba atasema haipitiki bila vyuma vya miguuni na shoka la barafu, hao shemeji nao watashuka San Martino wapange foleni nyuma yako.